Karatasi ya kubashiri

Huku Makambako tunashona magauni ya maharusi, na mabaki ya karatasi za pateni watoto wetu huyakunja: pembe nne katikati, geuza, tena katikati, kisha vidole ndani. Juzi karatasi hiyo ilimwambia binti wa jirani, "Baba yako harudi." Baba yuko Njombe, kwenye chai. Mtoto alilia mpaka akakataa kula.

Tukawakalisha: ghaibu aijuaye ni Mwenyezi Mungu tu. Lakini kuwanyang'anya mchezo? Hapana. Tukakunja nyingine. Nje rangi nne. Ukichagua kijani unatamka ki-ja-ni, inafunguka mara tatu. Ndani maswali manane ya hesabu.

Ijumaa baba alirudi. Hata begi hajatua, binti akamuuliza saba mara nane. Akahesabu kwa vidole.