Njia ya Watu katika Shamba la Mtu

Swali la kama askari wa usalama barabarani ana mamlaka juu ya mwendo wa gari ndani ya ardhi ya mtu binafsi lina sura ya mzaha likiulizwa mjini, ambako lami ni ya serikali, ua ni wa mwenye nyumba, na baina yao pana ukuta. Likiulizwa Newala au Masasi halina mzaha. Huko ua aghalabu hauna ukuta, shamba halina seng'enge, na njia iendayo shuleni, kisimani na ghalani hupita chini ya mikorosho ya mtu ambaye hakuombwa ruhusa, wala babu yake hakuombwa. Pikipiki ya bodaboda yenye abiria wawili hupita papo hapo apitapo mtoto mwenye ndoo kichwani. Mtoto huyo akigongwa, majirani hawataulizana kwanza shamba ni la nani, watambeba. Mahakama ndiyo itakayouliza pale palikuwa mahali gani.

Mipaka ya mwendo katika Tanzania Bara imewekwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Penye makazi ya watu gari lisipite kilomita 50 kwa saa. Magari mazito ya kupita kilo 3,500 yasizidi kilomita 80 hata nje ya makazi. Kila dereva wa njia ya Mtwara na Masasi azijua tarakimu hizi, na azikumbuka zaidi mahali ambapo trafiki hupenda kupiga tochi. Lakini makosa ya mwendo, ya uzembe na ya kuendesha kwa hatari katika sheria hiyo yamefungwa kwa neno moja, nalo ni barabara. Asiyekuwa barabarani hana mwendo wa kupimwa.

Basi barabara ni nini? Sheria za nchi zilizotawaliwa na Waingereza ni za ukoo mmoja katika jambo hili, na jibu la ukoo huo limeandikwa kwa uwazi sana katika Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403. Mbali na barabara za umma, neno hilo laingiza njia nyingine yoyote, gati, maegesho ya magari, njia ya miguu, hata njia ya wanyama wa kupandwa, ilimradi magari yaweza kupita na umma waweza kufika. Sheria ya Uingereza ni fupi zaidi, ila kiini chake ni hicho hicho. Msomaji na atazame yaliyoachwa katika maneno hayo. Hapakutajwa lami, wala mjenzi wa njia, wala mwenye ardhi. Sheria ilimtazama apitaye.

Mahakama ya Uskoti iliupima mstari huu katika kesi ya Harrison na Hill, iliyoripotiwa mwaka 1932. Dereva aliyekwisha kuzuiwa kuendesha alikutwa na gari katika njia iendayo nyumbani kwa mkulima. Njia ilikuwa ya mkulima, naye ndiye aliyeitunza. Haikuwa na lango, watu wasio na shughuli naye walipita, na mara nyingine aliwarudisha baadhi yao. Mahakama iliamua kuwa ile ni barabara. Bwana Clyde, jaji mkuu wa huko, aliweka kipimo ambacho hata sasa hutumika: umma uwe unapita hapo kweli kweli, na upite kwa uvumilivu wa mwenyewe, bila kuvunja kizuizi na bila kupuuza katazo. Watu wenye shughuli maalumu shambani hawatoshi peke yao kuitwa umma. Kesi hiyo haizifungi mahakama za Tanzania, lakini hoja yake yafaa kujaribiwa juu ya uwanda wa Makonde, ambako uvumilivu wa namna hiyo ni mwingi kuliko Uskoti.

Wako watakaosema kwamba shauri lote hili halina msingi hapa, maana Tanzania haina ardhi ya mtu binafsi. Ni kweli kwamba Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zasema ardhi yote ni ya umma, nayo imo mikononi mwa Rais aliye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mkulima wa Newala ana haki ya kuikalia na kuitumia, ama kwa mila ama kwa hati. Hoja hii ni tamu lakini haifiki. Ardhi ya umma si lazima iwe njia ya umma. Kama ingekuwa hivyo, sebule zote za Tanzania zingekuwa barabara.

Kuzihukumu njia za uwanda bila kujua zilivyozaliwa ni kazi bure. Mvua hunyesha, lakini udongo wa uwanda huyanywa maji mara moja, na juu yake mito haipo. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliwakuta watu wamejenga juu na maji yako chini, katika mabonde ya kando, na wanawake wakishuka na kupanda na mitungi. Kwa watu wa namna hiyo njia ya maji si mali ya yule ambaye miti yake imesimama kandokando. Mwenye shamba aweza kumkataza mtu kuokota mabibo yake. Kumkataza kupita na maji ni uadui mkubwa, na bado anayeufanya hutajwa vibaya.

Kisha ilikuja miaka ya 1970. Watu walihamishwa kutoka katika mikorosho yao wakakusanywa vijijini. Mikorosho haikuhama. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani zipatazo 145,000, halafu mavuno yakaanguka kwa miaka mingi, na kuhamishwa huko ni moja katika sababu zinazotajwa na wataalamu. Wataalamu hawakushughulika sana na tokeo jingine, dogo kwa hesabu za taifa na kubwa kwa shauri hili: mtu alikuwa na nyumba mahali pamoja na miti mahali pengine, na katikati mashamba ya wenzake. Alipita kwa jirani ili afike kwake, na jirani akapita kwake. Uvumilivu ambao Bwana Clyde aliutafuta kwa taabu katika njia ya mkulima mmoja, hapa ulikuwa ndio utaratibu wenyewe wa kulima.

Kwa kipimo hicho, njia kubwa za mikoroshoni zipitwazo na kila mtu ni barabara, ingawa hazina kibao wala lami. Mwendesha bodaboda akataye kona kuingia chini ya miti ili awaepe trafiki wa barabara kuu amewaepa trafiki. Sheria amekwenda nayo. Tena askari akimfuata huko hafanyi uvamizi. Penye ruhusa ya muuza samaki pana ruhusa ya askari, maadamu wote wawili wapita katika njia ile ile. Mpaka unaanza mlangoni. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 yalinda faragha ya mtu na maskani yake, na kuingia ndani kupekua kuna taratibu zake katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985. Kasi ya pikipiki iliyopita uani haimpi askari haki ya kufungua kabati.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo. Ikiwa uvumilivu ndio uifanyao njia kuwa barabara, basi mwenye shamba karimu amekaribisha sheria bila kujua, na mwenye shamba mchoyo, aliyelaza mti njiani na kuandika kwamba hapapitwi, amejipatia himaya ndogo isiyopigwa tochi. Anayetaka kuendesha apendavyo katika shamba lake lazima kwanza amfukuze mtoto mwenye ndoo. Wanasheria hawaoni kasoro hapo, na kwa hakika hapana kasoro ya kimantiki: mtoto asipopita, hatari nayo imepungua. Lakini mtoto atazunguka, na mzunguko wa uwandani si wa hatua mia. Sheria ya Ardhi ya 1999 yatambua kuwa umma na jamii zaweza kuwa na haki ya njia juu ya ardhi ya mtu. Wachache mno ndio waliowahi kuiandikisha haki hiyo, na njia isiyoandikwa hulindwa na haya ya mwenye shamba tu.

Mfano mgumu kuliko wa shamba ni uwanja wa ghala. Tangu msimu wa 2007 korosho za Mtwara zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo katika chama chake cha msingi, na minada husimamiwa na vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba. Kuanzia Oktoba uwanja wa ghala hujaa malori, baiskeli, pikipiki zenye magunia, mama lishe na sufuria zao, na watoto waliotumwa kuangalia zamu ya baba. Uwanja ni mali ya chama. Je, ni barabara? Wanachama wana shughuli maalumu pale, na kwa hao pekee jibu lingekuwa hapana. Tena mwaka 1998 mabwana wa Bunge la Uingereza, wakikaa kama mahakama, waliamua kwamba kwa kawaida maegesho ya magari si barabara, maana barabara ni ya kumfikisha mtu mahali, na maegesho ndiyo mahali penyewe. Uamuzi huo ni wa werevu, lakini ungemshangaza mama lishe aliyekanyagiwa jiko na lori likirudi nyuma. Fasili ya Kenya, iliyoyataja maegesho kwa jina lake, ina akili zaidi. Yaelekea jibu la haki ni kwamba uwanja ule ni barabara wakati wa msimu, lango likiwa wazi na kila mtu akiingia, na si barabara mwezi wa Aprili, lango likiwa na kufuli na mlinzi akilala. Mwanasheria wa vitabuni ataona ajabu mahali pabadilike na majira. Mkulima wa korosho hataona ajabu yoyote.

Ziko pia ardhi za misheni. Masasi ya Waanglikana ilianza mwaka 1876, pale Askofu Steere, yule yule anayejulikana na wanafunzi wa Kiswahili kwa vitabu vyake vya lugha, alipoongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani wakielekea Nyasa, nao wakaamua kukaa hapo chini ya miamba. Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906. Mahali pa namna hii, penye hospitali, shule na kanisa katika ua mmoja, huwa na njia za ndani zipitwazo na maelfu wasio wenyeji wake, na mara nyingi mwenye mahali huweka kibao chake, 10 au 20. Kibao hicho si cha serikali. Dereva akikipuuza aweza kufukuzwa, aweza kunyimwa kuingia tena, wala hatozwi faini ya trafiki kwa sababu ya tarakimu ile. Trafiki ana 50 yake tu, na 50 mbele ya wodi ya wazazi ni wazimu. Kwa hiyo shitaka lifaalo mahali hapo ni la kuendesha kwa hatari, ambalo halisubiri tarakimu. Na wenye hekima hawasubiri hata shitaka; hujenga tuta.

Mahali palipofungwa kabisa, pasipo umma wala njia, sheria ya mwendo hukoma. Kanuni za Adhabu hazikomi: kuua bila kukusudia ni kosa barabarani, shambani na ndani ya nyumba. Ila sheria hiyo huamka mtu akiisha kufa.

Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala na Masasi, ya kilomita 210, imekuwa ikitiwa lami kipande kwa kipande, na kila kipande kikiisha, vibao vya 50 husimama na tochi hufuata. Ndipo pikipiki huzidi mikoroshoni. Hawapo askari wa kutosha kusimama chini ya kila mti, wala isingefaa wawepo. Hata hivyo halmashauri ya kijiji ina uwezo, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kutunga sheria ndogo kwa idhini ya halmashauri ya wilaya. Yaweza kuzitaja njia zake kwa majina, ya kisima, ya shule, ya ghala. Ikasema pikipiki ipite humo kwa mwendo gani, na kwamba mwenye shamba asiizibe. Sheria ya namna hiyo haina tochi. Ina mwenyekiti, mgambo, na wanakijiji wamjuao kila mwenye pikipiki, na ukoo wa mama yake.