Kwanza Ujue Utalala Wapi

Wengi wetu, wakulima na makarani, tumepita njia ya Mombasa mara nyingi, tukaiona Mbuga ya Tsavo kwa dirisha la basi tu. Twadhani kulala huko ni kwa wenye mali peke yao. Sivyo, lakini yampasa msafiri aanze hesabu yake kwa malazi, ndipo afikiri habari ya petroli.

Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka 1948, nayo yapita kilomita za mraba 20,000. Barabara kuu na reli huigawa pande mbili, Magharibi na Mashariki. Toka Nairobi hadi Mtito Andei ni karibu kilomita 240, na toka hapo hadi Voi ni kiasi cha 100. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, hufungwa saa kumi na mbili jioni. Ndani, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Basi aliyekawia kutazama viboko wa Mzima hadi alasiri, asitumaini kuvuka mbuga kabla ya giza.

Malazi ni ya namna tatu. Kwanza, hoteli za ndani, kama Kilaguni iliyofunguliwa mwaka 1962, ambapo mgeni huketi barazani akitazama tembo wakinywa maji; bei yake ni kubwa. Pili, nyumba ndogo za kujipikia na viwanja vya mahema. Huko chukua chakula, maji na taa yako. Watu wa nyumba moja wakichangia, gharama hupungua sana. Tatu, nyumba za wageni za Mtito Andei na Voi, zilizo rahisi. Lakini uliza kwanza kama ukitoka langoni waweza kurudi kwa cheti kile kile, usije ukalipa ada mara mbili.

Kwa siku tatu, yafaa usiku wa kwanza ulale upande wa Magharibi, na wa pili Voi, ili alfajiri uingie Mashariki tembo wenye vumbi jekundu wakingali wakitembea. Agiza chumba mapema, hasa Agosti na Desemba. Uliza pia: bei ni ya chumba au ya kila kichwa? Watoto hulipa nini? Chakula kimo?

Mwenye majibu hayo mkononi aweza kuwapeleka wanawe wakaione mali ya nchi yao, na karo ya shule isiguswe.