Kuchagua mizani ya kupima baruti

Leo tunaacha seva na hifadhidata kando kidogo. Kuna swali limeninyima usingizi siku tatu mfululizo, na safari hii si la mteja yeyote.

Binamu yangu anaishi Texas. Huko amekuwa mwindaji wa kulungu na nguruwe mwitu, na kama wawindaji wengi wa Marekani, anajijazia risasi mwenyewe. Anaokota maganda yaliyotumika, anaweka fataki mpya, anapima baruti, anaweka kichwa cha risasi juu na kukibana kwa mashine ya mkono. Kule sheria inamruhusu mtu kufanya hivyo kwa matumizi yake. Hapa kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni habari nyingine kabisa, kwa hivyo tafadhali msinitumie barua pepe mkiniuliza baruti inauzwa duka gani River Road!

Sasa anataka mizani ya kielektroniki, na akaniuliza mimi kwa sababu "wewe ndiwe mtu wa tarakilishi." Ningemtumia kiungo kimoja nikalala. Lakini mwaka huu mwanawe wa miaka 15 ameanza kwenda naye porini, na shavu la kijana huyo ndilo litakuwa karibu na chemba ya bunduki. Baruti ikizidi, presha hupanda haraka kuliko baruti yenyewe ilivyoongezeka, na chuma kinaweza kupasuka. Ikipungua sana, kichwa cha risasi kinaweza kukwama mtutuni, na ole wake atakayefyatua ya pili. Basi nikakaa kitako.

Kwanza, kipimo. Wajazaji risasi hawatumii gramu bali greni, ambayo ni miligramu 64.8. Gramu moja ni greni 15.43. Risasi ya bastola huchukua greni chache tu, ya bunduki ya kuwindia mara nyingi hucheza karibu na 40. Wengi hutaka mizani inayoona hatua ya greni 0.1, yaani miligramu 6.5 hivi. Chukua nukta moja ya sukari kwenye ncha ya kijiko, ndipo tulipo.

Hapo ndipo zile mizani ndogo za mfukoni zinapoanza kudanganya watu. Nyingi zinasoma gramu 0.01. Mtu anaona tarakimu mbili baada ya nukta, anafurahi. Piga hesabu: gramu 0.01 ni greni 0.154. Ukiigeuza ionyeshe greni, haina uwezo wa kuona greni 0.1 hata kioo kikiiandika. Utaiona inaruka hatua na kukupa namba zilizokadiriwa. Ni kama kuchukua picha ndogo ya simu ya zamani ukaivuta mpaka ijae skrini: pikseli zimeongezeka, picha ni ileile.

Jambo la pili ndilo lililonikalisha, kwa kuwa kosa lake ni la sisi waandika programu.

Mizani nyingi za bei nafuu zina kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana ukiweka mzigo. Juu yake kuna nyuzi nyembamba ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri zinavyovutwa. Joto la chumba likibadilika, jibu linahama. Ukiiacha dakika ishirini bila kuigusa, sifuri inatembea. Mtengenezaji anafanyaje? Anaandika programu ndani ya chipu inayosema: badiliko likiwa dogo na la polepole, hilo si mzigo, ni kuhama tu, lifute. Kwa muuza viungo ni dawa nzuri, kioo kinatulia na mteja haanzi ugomvi.

Lakini mjazaji risasi anafanya nini? Akikaribia kipimo chake anadondosha punje moja, anasubiri, anadondosha nyingine. Badiliko dogo, la polepole! Chipu inaona punje, inasema "huu ni uhamaji," na inaendelea kuonyesha namba ileile. Jamaa anaongeza tena na tena. Kila mstari wa ile programu unafanya kazi sawasawa kama ulivyoandikwa, ila aliyeuandika hakumfikiria mtu huyu. Nani kati yetu hajawahi kukutana na programu ya namna hiyo?

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji fundi. Weka sahani, rudisha sifuri, dondosha punje moja moja kwa kibano mpaka ukaribie kipimo. Soma namba. Kisha inua sahani yote, irudishe. Namba ikibadilika, ile ya kwanza ilikuwa uongo. Nilimwambia binamu asinunue mizani yoyote asiyoweza kuirudisha dukani baada ya jaribio hili.

Kuna aina nyingine, ambayo haitegemei chuma kupinda. Ndani yake sumaku ya umeme inasukuma sahani irudi mahali pake, na mizani inapima umeme uliohitajika kuirudisha. Hii ni haraka zaidi na hata punje moja inaiona. Inayotajwa sana na wapiga shabaha ni A&D FX-120i, kutoka kampuni ya Kijapani. Inabeba gramu 122 na kusoma gramu 0.001, ambayo kwa greni ni hatua ya 0.02. Bei yake ni mamia ya dola, binamu aliguna kwenye simu nikamsikia. Ila nyuma ina RS-232, ile bandari ya siriali ya mababu zetu! Kasi 2400, biti 7, usawa wa shufwa. Unaituma herufi Q, inakujibu mstari unaoanza na ST kama imetulia au US kama bado inayumba, kisha namba na kipimo. Nikaona raha kama mtoto.

Programu yangu ya Python haifiki mistari arobaini. Inakataa mstari wowote wa US, na inakataa chochote ambacho kipimo chake si GN. Hilo la pili lina sababu. Mizani hizi hupokea gramu, karati na greni, na kitufe kimoja kikiguswa kwa bahati mbaya, 5 ya gramu ni greni 77.

Halafu kuna jambo la mvutano wa dunia. Mizani ya kielektroniki haipimi uzito wa baruti kwa kuulinganisha na kitu, inapima nguvu inayobonyeza sahani, na nguvu hiyo inategemea uko wapi. Nairobi, karibu na ikweta na juu mlimani, mvutano ni takriban 9.775. Tokyo ni karibu 9.80. Mizani iliyorekebishwa kule ukaiweka mezani hapa bila kuirekebisha itakosa karibu robo ya asilimia: gramu 100 itasoma 99.8 hivi. Kati ya Tokyo na Texas tofauti ni ndogo sana, lakini dawa ni ileile: irekebishe pale itakapokaa, kwa jiwe la mizani.

Na mawe ya ziada ndiyo niliyoyapigania kuliko mizani yenyewe. Jiwe la gramu 2 la daraja la M1 linaruhusiwa kukosea miligramu 1.2, chini ya greni 0.02. Likiwekwa lazima isome 30.86 au jirani yake kabisa, kabla ya kuanza na kila baada ya risasi kumi. Isiposoma hivyo, kazi inasimama. Simu iwe mbali na mizani, feni izimwe, na mizani iwashwe nusu saa kabla.

Binamu alitaka kuitupa mizani yake ya zamani ya mkono, RCBS 5-0-5. Nikamkatalia. Hiyo inalinganisha uzito kwa uzito, haina chipu, haijui Nairobi wala Tokyo. Ibaki pembeni kama shahidi.

Amenunua FX-120i, mawe mawili na kebo ya kugeuza siriali kuwa USB. Juzi usiku wa manane simu ikalia: "Binamu, programu yako imekataa kuendelea." Nikamuuliza jiwe linasoma ngapi. 30.72. Feni ya dari ilikuwa inazunguka.