Hadithi Yetu ya Usiku Mmoja



Likizo iliyopita, mafrateri watatu wa falsafa tulikaa kwenye kigango kimoja hapa Misungwi. Tukaandika hadithi ya mama asiyepata mtoto, tukaimaliza usiku mmoja, tukajisifu. Jumamosi tukaisoma jumuiyani. Mama mmoja ambaye hakujaliwa mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mafrateri, huyo mama anaamka saa ngapi?"

Hatukujua. Tulikuwa tumempa machozi tu, na hoja mbili za Mtakatifu Thoma.

Kwa aibu tukafungua kitabu tulichokibeba bila kukisoma: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo tu ya maji kutoka Mwanza. Naye alipita seminari, kule Rubya, kisha akafanya kazi misheni. Watoto wake mwenyewe walifariki, na kitabu chake kinaanza na mume na mke wasio na mtoto. Angeweza kulia kila ukurasa. Badala yake wakwe wanamchukua binti yao, na mume anatozwa pombe ya ndizi ili arudishiwe mke. Basi Mzee anatupitisha kwenye ndizi, mitungi, wasaidizi na siku za kungoja. Uchungu wa Myombekere tuliuona mle mle kwenye kazi ya pombe.

Aliandika kwanza kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikachapishwa 1980, miaka 35 baadaye, naye akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia. Sisi tulikuwa tumelalamika kwamba jarida linachelewa wiki mbili!

Tukarudi kwa yule mama, safari hii na daftari tupu. Akasimulia kwa Kisukuma, tukaandika kwa Kisukuma, ingawa mmoja wetu alihangaika (amekulia mjini). Anaamka saa kumi na moja. Anafagia, anachota maji, anamenya viazi vya michembe. Jioni anasonga ugali wa watu sita, na nyumbani wako wawili.

"Watoto wa jirani hupita," alisema. "Na wasipopita?" tukauliza. Akaendelea kumenya.

Ameturuhusu tuandike, ila jina lake tuliache. Mhariri atuvumilie: tuko ukurasa wa tatu, na michembe bado haijaanikwa.