SEHEMU YA 4: Wazo nililoogopa kumwambia mtu

Hii ya leo nimeiandika na kuifuta mara tatu.

Mimi ni nesi, nimefundisha wazazi wengi kunyonyesha na kuogesha. Lakini mtoto wangu wa pili alipofikisha wiki tatu, nilianza kuogopa kisu cha jikoni kwangu.

Nilikuwa nakata kitunguu, mtoto kalala pembeni. Likaja wazo ghafla: itakuwaje nikimchoma? Nikatupa kisu kwenye sinki, natetemeka. Kesho yake likarudi. Keshokutwa likaja hata mara kumi.

Nikaficha visu vyote juu ya kabati. Kumuogesha nikamwachia mama mkwe, nikasingizia mgongo. Usiku naamka kuhesabu pumzi zake mpaka 20, nikikosea naanza upya. Mikono ikapasuka kwa kunawa. Watu wakasema, "Si unajua manesi na usafi!" Nami nacheka nao, huku moyoni nasema nimekuwa kichaa, wakijua watanipokonya mwanangu.

Nilikaa miezi miwili hivyo. Siku niliyomweleza daktari wa afya ya akili, aliniuliza swali moja tu: "Wazo likija, unajisikiaje?" Nikamwambia naogopa kuliko kitu chochote duniani. Akasema, "Huo ni ugonjwa, unaitwa OCD. Wazo linakutesa kwa sababu ni kinyume na moyo wako."

Jamani, nililia.

Akanieleza unavyofanya kazi. Wazo linakuja, hofu inapanda, unanawa au unahesabu ili utulie. Unatulia kidogo. Ubongo unaamini kuhesabu ndiko kumemwokoa mtoto, kesho unakudai uhesabu zaidi.

Kwa hiyo matibabu ni kuukatalia ubongo, taratibu, ukiwa na mtaalamu. Mimi tulianza na kisu kukaa mezani. Baadaye kukata mchicha mtoto akiwepo, bila kukimbia. Usiku, kumwangalia mara moja tu kisha kulala. Siku za mwanzo nilitoka jasho. Lakini hofu ukiiacha, inapanda halafu inashuka yenyewe. Nilipewa na dawa, sertraline, ambayo anayenyonyesha anaweza kuitumia akisimamiwa na daktari. Haikunisaidia siku hiyo hiyo, ilichukua wiki kadhaa. Usiache dawa njiani kwa kuona haifanyi kazi.

Sasa mwanangu ana miaka minne. Nikichoka sana wazo linachungulia. Naliacha lipite, naendelea kumenya viazi.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mama aliyejifungua akisikia sauti, akiamini mtoto ni pepo au amerogwa, akikaa siku kadhaa bila usingizi wala kuhisi kuchoka, au akiona kumdhuru mtoto ni jambo sahihi, hiyo siyo OCD. Ni dharura. Msimwache peke yake na mtoto, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe unayesoma hii umejifungia chooni, visu umeficha: wewe si mama mbaya. Kliniki ukienda, sema hivi tu: "Nina mawazo yanayonitisha kuhusu mtoto wangu." Ukikutana na asiyekuelewa, muulize anayehusika na afya ya akili.

Alhamisi, sehemu ya 5: nilivyomwambia baba watoto.