Mfungo Ambao Sikuufunga

Pasaka ya mwaka juzi, baada ya ibada, wazee wa kanisa walinizunguka mlangoni wakanishika mkono kwa furaha. "Baba Mchungaji, safari hii umefunga kweli kweli," alisema mmoja. Mwingine akaongeza kwamba usharika mzima umeona, maana hata kanzu imenipwaya. Nikatabasamu, nikasema ni neema ya Bwana. Kanzu ilikuwa imenipwaya kweli, lakini sikuwa nimefunga hata siku moja.

Ukweli ni huu. Mwezi wa kwanza daktari alinipima akakuta nina kilo 104, na shinikizo la damu liko juu. Sikushangaa. Uchungaji una meza nyingi: asubuhi chai na maandazi nyumbani kwa mgonjwa, mchana wali na nyama kwenye ubarikio, jioni tena kwenye kikao cha harusi. Na kwetu kukataa chakula ni kama kumkataa mwenye nyumba. Daktari alitaka nipunguze mwili na nifanye mazoezi. Nikaanza kunyanyua vyuma mara tatu kwa wiki, katika chumba kilicho karibu na stendi, kwa kijana niliyemfundisha kipaimara miaka ya nyuma. Kwaresima ilipoingia nikaona nimepata mlango wa kutokea. Nikikaribishwa mezani nilisema, "Nimefunga." Nani atambishia mchungaji aliyefunga?

Kumbe nilikuwa nakula kwangu, ila kidogo mno: chai ya rangi, kipande cha ugali, mchicha. Nilishuka kilo 11. Wanafiki anaowataja Bwana katika Mathayo 6 angalau walikuwa wamefunga kweli. Mimi nilipokea thawabu yao bila hata kufunga.

Wiki ya pili baada ya Pasaka nilipanda mtaa wetu wa juu kumpelekea Chakula cha Bwana bibi mmoja asiyeweza tena kushuka kanisani. Njia ile nimeizoea miaka mingi. Siku hiyo magoti yalitetemeka, macho yakaingia giza, nikaketi chini ya mgrevilea nikiwa nimekumbatia mkoba wa vyombo vya Meza ya Bwana. Mjukuu wake ndiye aliyenikuta, akaniongoza hadi ndani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo? Bado umefunga? Si Pasaka imepita?"

Sikuweza kudanganya nikiwa na vyombo vile mkononi. Nikamwambia kwamba sikufunga, nilikuwa napunguza mwili. Alinitazama kwa muda, kisha akamtuma mjukuu achemshe mayai mawili. "Kama ni mwili," akasema, "punguza ugali. Yai kula." Nilijua mayai ya nyumba ile huuzwa ili kununua chumvi na sabuni. Niliyala yote mawili kwa aibu, ndipo tukaanza ibada. Tulipofika kwenye maungamo, nilijua vizuri ninachoungama.

Njiani nikirudi nilimkumbuka Eliya katika 1 Wafalme 19, amelala chini ya mti amechoka kuishi. Malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamrudia akampa tena. Nimelifundisha fungu hilo mara nyingi nikiharakisha kufika Horebu, nikiruka chakula.

Yule kijana wa vyuma alipunguza maneno: "Baba Mchungaji, hukupunguza mafuta peke yake. Umekula na misuli yako." Mtaalamu wa lishe hospitalini akanieleza vizuri zaidi. Mtu akila kidogo kuliko anachotumia, mwili huchukua akiba ya mafuta, lakini pia hubomoa misuli. Mambo mawili huilinda misuli: kuifanyisha kazi nzito, kama kunyanyua vyuma, na kula protini ya kutosha. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayepunguza mwili huku ananyanyua vyuma anafaa kula zaidi, gramu 1.2 hadi 1.6. Mwenye mwili mkubwa kama mimi huweza kuhesabiwa kwa uzito anaoutafuta, na mimi natafuta kilo 85. Hivyo nahitaji walau gramu 102. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kumwona daktari wake.

Nilidhani itanibidi ninunue yale makopo ya unga wanayonunua vijana. Haikuwa lazima. Mayai matatu yana gramu 18 hivi, glasi mbili za maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, gramu 50 za dagaa wakavu karibu 30, na kipande cha kuku cha gramu 100 kama 27. Jumla inapita 100 kidogo, na vyote vinapatikana sokoni kwetu. Ninachopunguza ni wali, ugali, maandazi, mafuta na sukari. Chakula hicho nakigawa asubuhi, mchana na jioni.

Jambo moja alilosema mtaalamu yule lilinishika kama neno la mahubiri. Mafuta mwili huyaweka akiba kwa miezi. Protini haina ghala. Ya leo isipotumika leo haisubiri kesho, na isipoletwa, mwili huitafuta kwenye misuli yake wenyewe. Nikaiona mana ya Kutoka 16: kila mtu aliokota kiasi chake kwa siku hiyo, na iliyolazwa iliharibika. Tunawafundisha watoto wa kipaimara, kwa Katekisimo Ndogo ya Luther, kwamba mkate wa kila siku ni yote ambayo maisha haya yanahitaji. Nilikuwa naliomba ombi hilo kila asubuhi, kisha nakikataa kilichokuja.

Lakini mana ilinikamata upande wa pili pia. Aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada, na aliyeokota chache hakupungukiwa. Mimi nahesabu mayai matatu yangu, na bibi anayauza ya kwake. Tena niliambiwa kwamba wazee nao hupoteza misuli, na wanahitaji protini kuliko wanavyodhani watu wanaowapa chai na mkate tu. Isaya 58 inasema mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kumbe uongo wangu haukuwa kwenye neno "nimefunga" tu. Katika siku zile 40, kile nilichojinyima hakikumfikia mtu yeyote.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, niliungama mbele ya usharika. Mzee mmoja hakupendezwa. Alisema mambo ya tumbo la mchungaji hayafai kutajwa kanisani. Huenda ana haki. Lakini jioni ile mama mmoja mwenye kisukari alinijia akasema amekuwa akinywa chai yenye sukari kwenye kila nyumba kwa kuogopa kuwaudhi wenyeji. Sasa nikikaribishwa nasema wazi: "Mama, nipe maharage na nyama, wali kijiko kimoja." Wengi hucheka, wananipakulia. Sijaona aliyechukia.

Leo nina kilo 88, na njia ya mtaa wa juu naipanda bila kuketi. Kwenye mnada wa mavuno hununua trei ya mayai kwa zamu mbili: moja yangu, moja ya mlimani. Kila ninapopeleka Meza ya Bwana, kwenye mkoba huwa na pakiti ya dagaa. Bibi bado huchemsha mayai mawili. Siku hizi tunakula moja moja.