Siku Tatu Kwenye Kipande

"Kijiji?"

Karani aliuliza bila kuinua uso. Ilikuwa mwaka 2009, nimepanga foleni tangu saa moja asubuhi kuomba pasipoti ya kwenda kwenye kozi ya miezi mitatu. Nilikuwa nimeshamjibu kwamba babu mzaa baba alizaliwa Kigoma.

"Kigoma ni mkoa, ndugu yangu. Kijiji gani? Na ni Kigoma ya huku au ya ng'ambo?"

Waliokuwa nyuma yangu wakanyamaza ghafla, kimya kile cha watu wanaotaka kusikia jibu. Sikuwa nalo. Nimezaliwa Muheza, nimesoma Muheza, Kiha sijui zaidi ya salamu, na hata hiyo salamu baba hakupenda tuitoe mbele za watu. Nikaambiwa nirudi na kiapo cha mzazi, na karatasi yoyote ya babu kama ipo. Wako wanaosema mtu huanza kuutafuta ukoo wake kwa mapenzi ya asili yake. Labda wako wa namna hiyo. Mimi nilianza kwa hasira, na kwa kuwa tarehe ya ndege ilikuwa inakaribia.

Kutojua kwangu kulikuwa na sababu. Babu alikuwa manamba. Mkonge uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Katika miche elfu aliyoagiza, iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Pangani. Miaka hamsini baadaye mashamba ya Tanga yalikuwa yanameza watu. Wenyeji walikuwa na minazi na mihogo yao, hawakuona kwa nini wachomwe na miba kwa ujira ule. Ndipo wenye mashamba wakaunda SILABU, mwaka 1944, kazi yake kukusanya watu kutoka mbali, Kigoma ikiwa mojawapo ya machimbo yao makubwa. Kule kodi ya kichwa ilikuwa inadaiwa kwa fedha, na fedha haikuwepo. Ukiandikishwa unapewa namba, na namba ndiyo iliyozaa jina.

Nilipofika shule ya msingi, jina hilo lilikuwa tusi. Mtoto wa manamba maana yake mtoto asiye na kwao. Baba alikuwa ameshalisikia vya kutosha. Alikuwa na jina la Kiislamu, akabaki nalo hilo na la pili analolijua yeye alikolitoa; jina la Kiha la babu akaliacha njiani. Tulikuwa watu wa Tanga, basi.

Kwa hiyo nilipomweleza habari ya karani, alikaa muda mrefu akiangalia mlangoni. Kisha akaingia chumbani, akatoka na sanduku la bati ambalo sikuwahi kuliona limefunguliwa. Ndani mlikuwa na kisu cha kukatia mkonge kilicholiwa na kutu, picha ndogo ambayo uso wake umeshafutika, na kadi nene ya rangi ya chai ya maziwa, imekunjwa mara mbili. Kipande. Juu pana namba, kubwa kuliko jina. Jina lenyewe karani wa shamba alilikata, silabi tano zikawa mbili. Kabila: Muha. Mwaka: 1957. Chini yake miraba 30, mraba mmoja kwa siku moja ya kazi, na katika kila mraba alama ya nyapara kwa penseli. Niliihesabu kwa kidole. Iliyojazwa 27. Mitatu ya mwisho mitupu.

Niliiona na nikaipita. Nilikuwa natafuta kijiji, si siku. Nikatoa kopi, wakili akagonga muhuri kwenye kiapo, pasipoti ikatoka, nikasafiri na kurudi. Kwa haki, mambo yangeishia hapo. Lakini lile neno "ng'ambo" lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikajikuta natafuta jibu la kumpa karani ambaye hakuwa ananiuliza tena.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaangalia wenzangu wanavyoanza, na mara nyingi naona kuna mtu aliyewasukuma. Rafiki yangu mmoja alianza siku mwanawe alipogunduliwa ana selimundu. Daktari aliuliza kama kuna watoto waliokufa wadogo katika ukoo, rafiki yangu akatambua kwamba upande wa baba yake hajui hata walikozikwa. Mjini Tanga ziko nyumba zenye shajara, karatasi ndefu ya majina kutoka baba hadi babu mpaka Hadhramaut; zilikuwa zimelala makabatini miaka na miaka. Kwa watu wa Unguja wenye asili ya Oman, nasaba ilipata kazi mpya baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970: aliyeweza kulitaja kabila lake na kumwonyesha jamaa aliyebaki kule alipokelewa kwa wepesi zaidi. Watu waliokuwa hawajali wakaanza kukaa na bibi zao jioni.

Wako pia wasiotaka kuanza, na siwalaumu. Pwani hii kuna milango ambayo ukiibisha unamkuta mtu aliyenunuliwa, au aliyenunua. Mama mmoja mtu mzima aliwahi kuniambia, "Mwanangu, sisi tumeanzia kwa bibi. Nyuma ya bibi ni bahari." Nikaelewa kwamba sitakiwi kuuliza zaidi.

Nilikwenda Ngomeni mwaka 2011 kuulizia habari za babu, nikaambiwa yuko mzee aliyekuja naye katika lori moja. Nilimkuta barazani, anakaribia miaka tisini, anasuka kamba ya singa. Alisema walipanda gari moshi Kigoma, wakashushwa Morogoro, wakapakiwa kwenye lori kama magunia. Nikamuuliza mwaka gani. Hakuujua. "Mwami wetu alikuwa mwanamke." Hiyo ilitosha zaidi ya cheti: Mwami Theresa Ntare alianza kutawala Heru, kule Kigoma, mwaka 1946. Kumbe basi walitoka Heru, na baada ya mwaka huo.

Nikamwonyesha kopi ya kipande. Akaisogeza machoni, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Hiki mmekipata wapi? Kipande kikijaa unakirudisha ofisini, unalipwa. Kinachobaki nyumbani ni kile kisichojaa." Akaweka ukucha wake kwenye ile miraba mitupu. "Siku 27 ameziacha bure, zimebaki tatu! Huyu alikuwa anakimbilia nini?"

Nadhani pale ndipo habari ya karani ilipokufa. Sikuwa tena na haja ya kujua babu alizaliwa wapi. Nilitaka kujua mwaka 1957 alikwenda wapi.

Mwaka 2012 nilipanda treni na baba mpaka Kigoma, kisha basi mpaka Kasulu, kisha pikipiki mbili hadi Heru Juu. Nyumba ya kwanza tulipokewa vizuri mno. Tulieleza kila kitu, jina, mwaka, mkonge, na mzee mwenyeji akaitikia kila kitu: ndiyo, alikuwa ndugu yake, ndiyo, alikwenda Tanga. Baba alianza kutokwa machozi. Mimi nikamkumbuka Kunta Kinte. Utotoni tulilipa kiingilio kuitazama filamu yake kwenye video, na miaka mingi baadaye ndipo niliposoma kwamba mzee aliyemsimulia mwandishi Alex Haley habari za Kunta Kinte kule Juffure, Gambia, alikuwa ameshajua mapema mgeni wake anatafuta nini. Sisi pia tulikuwa tumemnong'oneza mzee majibu yote.

Nyumba ya pili, ng'ambo ya bonde, migomba imeizunguka, hawakutupokea vizuri hata kidogo. Kijana mmoja aliuliza moja kwa moja, "Mmekuja kudai shamba?" Tukakataa, hakuamini. Ndipo bibi kikongwe aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akamwita baba karibu, akamshika mkono wa kushoto, akauliza kwa Kiha, na kijana akatafsiri: "Yule baba yako, kidole hiki kilikuwa kizima?"

Hakikuwa kizima. Babu alikosa pingili ya juu ya kidole cha shahada. Nyumbani kwetu ilijulikana kwamba kidole kililiwa na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, na nilishawahi kuisimulia hadithi hiyo kwa uchungu mkubwa mbele ya wageni. Bibi alisema kilikatwa na panga, utotoni, wakipasua kuni pamoja. Alikuwa mdogo wake wa mwisho.

Akauliza jambo moja tu, na kijana alisita kulitafsiri. Kwa nini kaka yake hakuja kumzika mama? Baba hakuwa na jibu. Tulilala pale siku tatu, na shamba halikutajwa tena.

Sasa kuna kundi la WhatsApp la ukoo, Muheza na Heru Juu pamoja, na vijana wetu wanajiita manamba kwa majivuno, jambo ambalo baba bado linamkera. Pasipoti yangu ilipoisha mwaka 2019 nilikwenda kuomba nyingine. Nilikuwa na kijiji, na kitongoji, na jina la babu lote la silabi tano. Hakuna aliyeniuliza.

Mwaka huohuo nilimpelekea shangazi kopi ya kipande. Yeye ndiye mkubwa wa baba. Mwaka 1957 alikuwa na miaka saba. Nilimkuta anachambua mchicha.

"Alikuja mtu mgeni kambini," akasema, "na habari kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Usiku uleule babu yako akafunga mzigo. Hata kipande hakumaliza. Siku ya tano tukamwona anarudi, mzigo uko begani vilevile. Bibi yako akamuuliza, mbona umerudi? Akasema gari limejaa."

"Siku zote tano?"

"Ndivyo alivyosema. Gari limejaa."

Sauti yake niliirekodi kwenye simu, dakika moja na sekunde chache. Mpaka leo sijaituma Heru Juu.